Mkono Wako Juu ya Bomba

Mutwanga, upande wa Beni

Kwako yaya Anselme, kaka yangu mkubwa,

Salamu zangu zikufikie kutoka huku chini ya milima. Mimi ni mzima, mke wangu Philomène ni mzima, baridi tu ndiyo inatuonea. Na wewe, mguu unaendeleaje? Mama bado anaona vizuri, au sasa anakubali kushikwa mkono akienda misa? Najua hakubali.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori wa Butembo aliyekuwa anakwenda Kasindi. Ilikaa mezani siku tisa bila jibu, wala si kwamba nilikosa karatasi. Uliandika habari nyingi za nyumbani, kisha kwa mstari mmoja ukasema depo ya reli ya Kindu inawarudisha kazini mashinisti wa zamani, waendesha treni, ila jina lako limewekwa kando kwa sababu ya treni ile iliyokwama porini wakati wa uasi. Hukuniomba kitu. Ungeniomba, ningepata pa kukasirikia.

Acha nizunguke kidogo, unajua tabia yangu. Hapa kiwanda cha mbao kina boila kuukuu, na mimi ndiye ninayeitunza. Kapita, msimamizi wetu, aliposikia kwamba nimewahi kutia kuni kwenye mashini ya treni, alinishika kama padri aliyepata mpiga kinanda. Maji yanatoka mlimani, baridi ya kuuma meno, yanajaa kwenye pipa kubwa, na kutoka pipa yanaingizwa ndani ya boila na injekta moja, sawa na zile mbili za mashini yetu. Wapasua mbao wananiuliza kila siku: mvuke wa ndani unasukuma kwa nguvu namna hii, maji mapya yanaingiaje? Nawajibu kwa maneno yako ya siku ile ya kwanza uliponipandisha kwenye mashini yako. Mvuke unatoka mbio kwenye kitundu chembamba, unakutana na maji baridi, unageuka kuwa maji, lakini mbio zake zinabaki, na hizo mbio ndizo zinazosukuma maji mpaka yafungue kile kifuniko cha boila kinachofunguka kwa ndani tu. Wananiona mwalimu. Siku moja waliuliza, na maji yakiwa ya moto? Nikasema tuendelee na kazi.

Jumanne asubuhi injekta ilikataa. Badala ya kuimba, ilitema maji na mvuke chini kwenye matope, na maji katika kioo cha kupimia yakaanza kushuka. Nilifungua, nikafunga, nikafungua tena. Kisha nikaweka kiganja juu ya bomba linalotoka kwenye pipa, nikakiondoa haraka. Mtu alikuwa amerudisha mvuke ndani ya pipa, maji yamechemka, na mvuke ukikuta maji ya moto haugeuki kuwa maji, kwa hiyo hausukumi kitu.

Sikuwa nimefungua mdomo bado. Paluku, mtu wa hapa anayepanga mbao, alikuja mwenyewe na kofia mkononi.

"Njo miye, Papa," akasema. "Bibi yangu alizala juzi, nikapasha mayi ya kumuogesha, nikasahabu kufunga."

Tulitoa moto, tukabadilisha maji ya pipa, kapita akamkemea, na kabla ya saa nne mashumeno yalikuwa yanazunguka tena. Ona jinsi jambo lilivyo fupi, yaya, mtu akisema.

Mimi nilikwenda nyuma ya magogo, mkono unaniwasha, nikalia. Nilikuwa nimeukumbuka mkono wako.

Siku ile ya treni kukwama ulikwenda ofisi ya stesheni kuchukua karatasi za safari. Nilijua jioni tutafika Kongolo na Philomène atakuwa amesimama pale kituoni. Nikafungua mvuke urudi ndani ya tangi la maji ya mashini, kitu ulichonikataza mara nyingi, ili nioge maji ya moto na kufua shati langu jeupe. Nikaoga, nikajipaka mafuta, nikasahau kufunga mpaka uliporudi. Mabehewa yalijaa akina mama waliokimbia vita, na askari pamoja nao. Katikati ya pori injekta ya kuume ikatema. Ya kushoto ikatema vilevile, maana zote zinakunywa tangi moja. Maji ya kioo yakashuka, na mimi nimesimama pale na shati langu safi, kimya. Ukaweka kiganja juu ya bomba, ukakiondoa haraka, ukanitazama. Halafu ukasema, "Tosha moto yote." Nikautoa, treni ikasimama.

Miaka hii yote nilijidanganya kwamba hukujua, kwamba ulifikiri injekta zimeziba. Mashinisti wa miaka kumi na mitano aguse bomba la moto asijue? Ulijua. Askari walipouliza nani amesimamisha treni ili awape waasi, ukajibu, "Mashini ni yangu." Wakakushusha. Walipokuvunja mguu nilikuwa hatua nne tu. Ukafungwa, ukafukuzwa kazi, na mimi nikaomba ruhusa nikaja zangu mpaka huku, nikaoa msichana niliyemwogea. Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nimepewa miaka mitatu. Naona aibu, yaya. Nakuomba msamaha, na hata kuuomba naona aibu.

Nimemwandikia mkuu wa depo barua ya kusema yote: tangi, mvuke, shati. Nimetia saini mbele ya kapita na katekista. Philomène aliisoma, kisha akaniuliza kama ni lile shati jeupe. Akalitoa sandukuni, akampelekea mke wa Paluku amfungie mtoto.

Nilitaka karatasi hiyo niitie ndani ya bahasha hii. Lakini nakufahamu. Ungeisoma, ungeikunja, ungeiweka chini ya godoro, useme mdogo wangu ana nyumba sasa, tumwache. Kwa hiyo nilishuka Beni juzi nikaitia posta mwenyewe, iende moja kwa moja kwake. Wakiniita, nitakuja. Huwezi tena kunificha.

Nisalimie mama, umwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa majirani. Nisalimie shemeji, aliyekuletea chakula gerezani na ambaye sijawahi kumwandikia. Nisalimie baba mdogo aliyenitafutia kazi ya kuni, na dada yetu na mume wake mvuvi. Mungu auangalie mguu wako.

Ni mimi,
Gervais, mdogo wako