Mwenye Farasi Amejibu

Baba mpendwa,

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi Kalamba kwa likizo, shati likinuka farasi, na Mwaitu, mama yetu, akikukataza kuketi kwenye kiti chenye kitambaa. Ulituhadithia habari za Mwende, farasi jike uliyekuwa saisi wake, ukimlisha na kumtunza huko Nairobi, jinsi alivyokataa kula mpaka umwimbie. Nilimwonea wivu.

Kisha Mwende akashinda mbio akiwa na mguu mbovu. Walipompima damu walikuta dawa ya kutuliza maumivu, na mkufunzi wake akasema ni wewe uliyemdunga. Mwenye farasi alikuwa amesimama hapo hapo. Ulinisimulia alichosema: "Mimi hulipa tu. Mambo ya zizini siyajui." Ukafukuzwa. Sokoni wakaanza kukuita daktari wa farasi, wakicheka, nawe ukaacha kwenda sokoni. Mpaka tunakuzika hukumtaja Mwende tena.

Mwaka huu wameshikwa tena kwa kudunga farasi dawa, tajiri yule yule mwenye farasi na mkufunzi yule yule. Saisi mwenzako wa zamani alinipigia simu, nikafunga duka langu Sultan Hamud, nikaenda kusikiliza kesi mbele ya kamati ya mbio. Sheria za mbio zimebadilika, Baba. Siku hizi mwenye farasi naye hujibu mashtaka.

Tajiri alijaribu maneno yake ya zamani, kwamba mkufunzi ndiye anayejua. Mkufunzi akainuka. "Hata saisi wa Mwende hakuwa na kosa," akasema. "Nilidunga mimi, na tajiri wangu alijua."

Mwanamke aliyeongoza kikao akamgeukia tajiri. "Kikombe cha ushindi alipokea nani?"

"Mimi."

"Basi na hili ni lako."

Wote wawili wamefungiwa kushiriki mbio. Jina lako mwenyekiti huyo akalitaja lote, polepole, akasema limesafishwa. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, nikalia kwa raha.

Nilimpigia Mwaitu papo hapo. Akasema, "Sasa niambie kwa Kikamba, nisikie vizuri." Nikamwambia. Jumapili alisimama kanisani bila kuitwa. "Mume wangu hakumdunga farasi," akasema, akaketi.

Nimelala vizuri tangu siku hiyo. Laiti ungekuwepo uyasikie mwenyewe, lakini hata hivi nashukuru. Lala salama, Baba. Mzigo umetua.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.