Mama Mkwe Anataka Nimrudishie Sauti Yake

Mpendwa Mama Murekatete, shikamoo. Naomba unisaidie, ila kabla ya shida niruhusu nikueleze kwanza furaha yangu, maana bila hiyo furaha shida yenyewe hutaielewa.

Naitwa Donatha, nina miaka ishirini na sita, ni fundi cherehani hapa Gisenyi, nilizaliwa Karagwe, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, tukarudi mwaka 1995, kwa hiyo Kiswahili ninacho na Kinyarwanda ninacho, Kifaransa ndicho bado kinanisumbua. Na mimi, mtu mzima mwenye mchumba, ni mpenzi wa katuni. Nimesema, cheka tu.

Jirani na ninaposhonea kuna chumba cha video cha Callixte, ambaye huletewa kutoka Goma kaseti zilizorekodiwa kwenye televisheni za Kifaransa, na kila Jumamosi mchana huonyesha katuni. Siku ya kwanza niliingia kukwepa mvua tu, nikakuta ile ya mbuzi jike mzee anayesimamia stesheni ya treni milimani, na kuna kindi mtundu anayepanda treni bila tiketi, na wingu linalolia ovyo, na, mama yangu wee, sikuelewa hata neno moja lakini nilimwelewa kila mtu! Nilijua kindi anadanganya kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kusema, nilijua mbuzi amekasirika ila anampenda, yote kwa sauti tu, yaani mtu amekaa kwenye chumba asikoonekana na mchoro unapata uhai kwa sababu ya koo lake! Nikawa nafumba macho ili nisikilize vizuri, na wiki ya tatu nikahisi kwamba kindi na wingu wana namna moja ya kukata maneno, nikamwomba Callixte asimamishe kaseti mwishoni pale majina yanapopita, akanisomea: kindi, wingu na bibi yake kindi ni mwanamke mmoja. Mwanamke! Na kindi ni mvulana! Nilipiga kelele mpaka watoto wakageuka kuniangalia.

Tangu hapo nikawa nashona huku najaribu, kindi juu kabisa kooni, wingu puani, wateja wakadhani nina wageni nyuma ya pazia.

Sasa mwezi wa sita, Jumamosi moja katikati ya hadithi, sauti ya televisheni ikakatika, picha zinatembea lakini kimya, watoto wakaanza kupiga mabenchi, Callixte akaniangalia jasho likimtoka: "Donatha, hii kitu imekufa! Hawa watoto watanibomolea nyumba, fanya kitu!" Nikasimama kando ya kioo nikaanza kusema, kindi kwa Kiswahili, wingu kwa Kinyarwanda, konda wa treni nikamtungia lafudhi ya Bukoba, watoto wakatulia, wakacheka, halafu mbuzi akatokea mlangoni pa stesheni, naye sikuwa nimemwandaa, nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Nikueleze. Mchumba wangu Jado ni baharia wa boti za ziwani pale Rubona. Mama yake, Saidati, ni mfanyabiashara wa vitenge, kila siku anavuka mpaka kwenda Goma na kurudi, anauza sokoni. Sauti yake imekwaruza, anapotamka "s" kuna kifilimbi kidogo kwenye meno, na kila akimaliza jambo anauliza kwa Kiswahili cha kule Goma: "Nasema tena ao ninyamaze?" Sauti hiyo naipenda tangu siku ya kwanza niliyoingia kwake, ndiyo kweli ya Mungu, ukiisikia unajua humu ndani kuna mtu. Mbuzi alipomkamata kindi hana tiketi, nikasema kwa sauti ile ile, na kifilimbi: "Shuka! Nasema tena ao ninyamaze?" Watoto walilipuka.

Televisheni ilitengenezwa lakini Callixte akawa anaizima sauti, kwa sababu watu walikuja kunisikiliza mimi, watu wazima, wengine kutoka Rugerero, hata wale wanaoshusha viazi vya Mudende walisimama mlangoni, na mimi sijawahi kuwa na furaha kama ile maishani, naapa.

Sikufikiri. Huo ndio ukweli. Watu wakaanza kumsalimia Mama Saidati kule bariyeri ndogo ya mpakani kwa maneno yake mwenyewe, wengine wanamlilia "meee", naye hajui kwa nini, mpaka mteja mmoja akamwambia. Jumamosi iliyofuata nikamwona amesimama nyuma ya chumba, bado ana furushi lake la vitenge kichwani. Mbuzi alikuwa katikati ya sentensi. Mama Murekatete, ninalotubu ndilo hili: nilimwona, na sentensi niliimalizia. Na watu wakacheka.

Na siku hiyo hiyo, kana kwamba haitoshi, chumbani alikuwemo bwana mmoja, Rugema, anayetayarisha michezo ya redio ya watoto kule Kigali. Akanifuata baada ya kaseti: "Sauti zako zote ziko sawa. Lakini ile ya mbuzi, ah! Ile ndiyo nataka. Uje Kigali Jumamosi ya mwisho wa mwezi nikujaribu." Nusura nimkumbatie.

Jumatatu Mama Saidati akaja dukani kwangu. Hakukaa. Alisema kwa kunong'ona: "Donatha, unirudishie sauti yangu. Mutoto yangu nilikupatia, lakini sauti sikukupatia." Akaondoka. Tangu siku hiyo hatangazi bidhaa sokoni, anaonyesha kwa kidole tu, wateja wanadhani anaumwa, na amesema siku ya kuja kwetu kunichumbia rasmi watu wake waende, yeye hatakwenda.

Nikamuuliza Jado nifanye nini. Akasema: "Bon, uende Kigali, mi siwezi kukukataza. Hata mi nilicheka. Lakini mama hasemi tena kwa soko, na ile kimya iko inaniua."

Mama, nikiacha Kigali nitalia maisha yangu yote. Nikienda na sauti ya mbuzi nitaolewaje? Jina langu litaje tu gazetini, Gisenyi nzima imeshajua.

Donatha, Gisenyi


Marahaba, Donatha.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili sikucheka. Nimefurahi nawe, na usione aibu kupenda katuni. Mtu anayefumba macho kusikiliza pumzi ya kindi ana kipaji, na kipaji hicho kisiishie nyuma ya pazia la cherehani. Kigali utakwenda.

Lakini ulikosa, binti yangu, na unajua ni wapi, maana umeniandikia mwenyewe: uliimalizia sentensi. Jumamosi ya kwanza sauti ilikuponyoka, nakusamehe. Hizo Jumamosi nyingine zote ulichagua. Sauti ile imekwaruza kwa kuita wateja miaka na miaka, na baharia wako alikulia kwenye faida ya vile vitenge. Wewe umemfanya mama yake aliliwe "meee" na wabeba mizigo wa mpakani.

Usimtume Jado. Usitume wajomba. Usibebe soda wala sukari, ataona unamnunua. Nenda peke yako alfajiri kabla hajavuka, umwambie: nilichukua bila kuomba, na nilikuona nikaendelea. Usimwambie ulikuwa unatania. Kisha mwambie lile uliloniambia mimi na yeye hujamwambia hata siku moja, kwamba sauti yake uliipenda tangu siku ya kwanza. Kwa nini nilijue mimi nisiyekujua, na yeye asilijue?

Kicheko kilikuwa cha hadharani, basi na radhi iwe ya hadharani. Simama sokoni mbele ya meza yake, watu wasikie. Mbuzi umtafutie koo jingine, leo. Kwa Rugema nenda na kindi, wingu na konda wa Bukoba, na umwambie waziwazi kwamba ile aliyoipenda ina mwenyewe. Akikukataa kwa sababu hiyo, hakukutaka wewe. Na Mama Saidati akija kukuruhusu kwa hiari yake, iwe yeye ndiye aliyelitaja kwanza, wewe usiombe.

Akikufungia mlango, rudi jioni. Akikufungia jioni, rudi kesho yake, na usipige hodi kwa sauti ya mtu mwingine. Una siku nne kabla ya basi la Kigali. Weka mkasi chini, uende.