Kompyuta yangu ilishikwa na homa

Jumamosi, Siakago. Jua limewaka tangu asubuhi hadi kuku wakaacha kuchakura, wakalala chini ya ghala midomo wazi. Vumbi liko kila mahali, hata kwa chai. Lakini moyo wangu umetulia. Sijui kama ni kutulia kwa kweli ama ni kuchoka tu.

Shajara, leo naandika kwa simu nikiwa nimesimama. Mtoto wangu Wawira amelala mgongoni na nikikaa ataamka.

Wacha nianze na Jumatatu, maana hiyo siku imeniangalia wiki nzima. Jumatatu natakiwa Embu. Tata, dada ya mama yangu, amenitafutia kazi kwa hoteli moja pale mjini. Kupika chapati, kuosha vyombo, kulala huko huko, na kurudi nyumbani Jumapili pekee. Wawira abaki na cucu, mama ya mume wangu. Bado ananyonya. Baba yake, Njeru, ni fundi wa mawe, anajenga hosteli za wanafunzi kule Nchiru na tunamwona mwisho wa mwezi. Kwa hivyo mtoto angekuwa na baba wa mwisho wa mwezi na mama wa Jumapili.

Nilikataa hiyo hesabu moyoni, lakini kwa mdomo nilisema asante.

Kitu kimoja tu kingeniweka nyumbani, na ni hii kompyuta. Ni kuukuu, nyembamba, ya zile za ofisi. Njeru aliipata mahali walikuwa wanatoa za zamani. Naitumia kutengeneza video za kwaya ya akina mama wa kanisa letu. Wimbo wa kwanza ulinitoa jasho. Kila nikicheza picha inakwama, inaruka, inakwama tena, kwa hivyo nilikuwa nakata kama mtu anayeshona gizani. Ulipoonyeshwa kanisani, sauti ilitangulia na midomo ikafuata nyuma. Mama Marigu, mwenye kuongoza kwaya, akaniambia mbele ya wenzake, "Mama Wawira, mbona umenifanya ng'ombe anayetafuna?"

Wakacheka. Mimi pia nikacheka, halafu nikaenda kulia jikoni.

Lakini yule mama ana roho safi. Alinipa wimbo wa pili. Ukitoka sawa, nyimbo zote za hii albamu nitatengeneza mimi, kwa malipo. Ukitoka kama ule wa kwanza, watapeleka Embu kwa wenye studio. Wanautaka kesho, baada ya ibada.

Sikusoma sana, shajara, unajua niliishia kidato cha pili. Lakini kusoma kwa simu hakuna ada. Nikasoma mpaka nikaelewa kwamba mashine yangu haina kadi yake ya picha, ile wanaita graphics card. Inachora picha kwa nguvu ya kuazima. Nikiiwekea kadi, itaacha kukwama. Nikauza mbuzi wangu mweupe, sikumwangalia akipakiwa.

Kwa kuwa kompyuta ni nyembamba, si kila kadi inaingia. Nilifungua kifuniko, nikapima ile nafasi kwa uzi wa cucu wa kushona vitambaa, nikafunga fundo pale mwisho. Jumatano nikafika Embu nikampa fundi wa kompyuta ule uzi. Aliucheka mpaka akaegemea meza.

"Madam, umekuja kushonewa sweta?"

"Nimekuja kutafuta kadi ya graphics. Isizidi hapo kwa fundo."

"Hiyo mashine yako ni mzee. Si ungemwacha apumzike?"

"Mzee hajachoka. Nipe ile fupi, isiyohitaji waya wake wa umeme."

Aliacha kucheka akaanza kupima makasha. Akanipatia moja ya kutumika, fupi, yenye feni ndogo kama kifuniko cha soda. Akaibadilishia kile kibati cha nyuma akaweka kifupi, ndio itoshee kesi yangu, lile kasha la mashine.

Alhamisi nikaiweka mwenyewe. Niliomba kwanza. Nikachomoa waya wa umeme, nikashika chuma cha kesi ili mikono isiwe na stima, nikatoa kile kibati cha zamani cha kuziba tundu, nikasukuma kadi kwa nafasi yake. Ikasema tik. Ile sauti tamu! Nikawasha.

Skrini nyeusi.

Nilikaa chini. Nikamwona yule mbuzi. Halafu nikakumbuka video moja niliyoona, nikaangalia nyuma ya mashine. Waya wa skrini nilikuwa nimeurudisha kwa tundu la zamani, na kadi mpya ina tundu lake. Nikahamisha. Picha ikaja, na nilipocheza ule wimbo ukateremka kama maziwa. Nikaona kila mdomo ukifunguka. Nilikata kazi yote nikamaliza Ijumaa mchana.

Kilichobaki ni kuitoa video nzima iwe faili moja. Hiyo kazi kompyuta inafanya peke yake, inachukua muda, hukai hapo kuikodolea macho. Nikaiambia toa, nikaenda kufua nepi. Kurudi, imezima. Nikaanza upya, nikaenda kuchota maji. Kurudi, imezima. Nikapigia fundi.

"Labda pawa saplai, ile ya kugawa umeme, imelemewa," akasema. "Ama kadi ni mbovu. Ilete Jumatatu tuone."

Jumatatu. Hiyo Jumatatu.

Leo asubuhi nikajaribu mara ya mwisho, nikaenda kumwogesha Wawira. Ilizima tena. Nikasema basi, natoa hii kadi. Nikachukua bisibisi, na kwanza nikaondoa kitambaa cha cucu juu ya mashine.

Kitambaa kilikuwa moto kama nepi imetoka kwa pasi ya makaa.

Nikabaki nimekishika.

Lazima nieleze. Kwetu sebuleni kila kitu kimevaa. Viti vina vitambaa, redio ina kitambaa, jagi la maji lina kakofia kake. Vyote cucu ameshona kwa mkono wake. Kompyuta ilipofika, aliishonea chake siku hiyo hiyo, kizito, ukingo wa rangi ya maruni, kinafika mpaka chini ubavuni. Na hapa kwetu kitu ukikiacha unakifunika, maana vumbi la barabarani halibishi hodi. Kila nikitoka, cucu alikuwa anapita na kuifunika mashine vizuri ikiwa inafanya kazi. Nami nikirudi nikikiona kitambaa, nilikuwa naona nyumba iliyotunzwa tu. Kabla ya kadi haikuwa shida. Sasa ile feni ndogo ilikuwa inapumua ndani ya sweta, kwa hili jua la huku kwetu Mbeere.

Sasa nimwambie vipi? Mama mkwe humrudishii kitambaa chake. Mtoto wangu amepewa jina la cucu, mimi nikimgombeza Wawira kwa sauti naangalia kwanza kama cucu yuko karibu. Nilifikiria kukificha nisingizie kuku. Halafu nikaona, huyu mama ndiye atabebeshwa mtoto anayelilia ziwa nikienda. Anastahili ukweli.

"Cucu, hebu gusa hapa juu."

Akagusa, akaondoa mkono haraka. "Ngai! Hii kitu ina homa!"

"Ndiyo, cucu. Ndio maana inazimia."

Akaiangalia mashine, akaangalia kitambaa mkononi mwangu. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu.

"Watoto wote nimelea hapa," akasema, "hakuna mwenye homa nilimfunga blanketi. Na wewe umekuwa ukiniona tu?"

"Sikujua, cucu."

"Si ungeuliza hiyo simu yako yenye kujua kila kitu!"

Akacheka, na mimi nikapata pumzi. Akakichukua kitambaa akakikunja. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna mtu wa Embu angenifundisha. Akachukua maji akanyunyiza mlangoni na kwa sakafu yote, mbali na waya, ili vumbi lilale. Akavuta kiti akaketi kando ya mashine na Wawira mapajani, akawa anafukuza kuku. "Anza," akaniambia. "Mimi niko na mgonjwa."

Sikuenda kufua. Sikuenda popote. Tulikaa tukiangalia ule mstari wa kijani wa kuonyesha kazi imefika wapi ukitambaa, Wawira akiupigia makofi kila ukisonga.

Ukafika mwisho.

Nikacheza wimbo wote. Mama Marigu anafungua mdomo, na sauti yake inatoka hapo hapo mdomoni. Cucu akainama karibu na skrini. "Kumbe huyu huimba," akasema. "Nilidhani hutafuna." Tulicheka mpaka mtoto akashtuka.

Video sasa iko kwa flashi, na flashi iko ndani ya Biblia yangu.

Halafu, kabla roho haijabadilika, nilimpigia tata.

"Tata, hiyo kazi mpatie mwingine. Mimi siji."

"Umekuwa wazimu? Nimeenda kukuombea hapo mara ngapi?"

"Najua, tata. Nashukuru sana."

"Na hao wa kwaya wakikataa?"

"Wakikataa nitarudia mpaka wakubali."

"Kichwa kama cha mama yako," akasema. Akavuta pumzi. "Haya. Huyo mtoto anakula?"

"Anakula, tata."

Sijui kesho akina mama watasema nini. Labda Mama Marigu ataona kosa lingine ambalo sijaliona. Nilipiga simu kabla ya kujua, makusudi, kwa sababu ningengoja wakubali kwanza ningekuwa bado mtu wa kuazima nguvu. Naogopa kidogo, sitakudanganya.

Lakini Jumatatu Wawira akiamka, atageuka upande wangu wa kitanda na atanipata.