Mluzi wa Runinga ya Mirongo

Mkolani, Mwanza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na mama, na kwamba goti limetulia baada ya mvua kukatika. Kahawa imeendaje mwaka huu? Huku hatujambo. Mchumba wako, mjukuu wako Tumaini, ameanza darasa la kwanza na ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo ukitaka kughairi posa, ghairi sasa. Mkweo Devota anakuamkia.

Kazi ipo. Tangu mizigo ya Dubai ianze kumiminika, kila mwenye duka hapa mjini anataka runinga, na mwenye ndogo anataka kubwa. Wiki iliyopita niliitwa Mirongo, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, Mhindi wa hapa hapa Mwanza. Runinga yao ya projekta ilikuwa imezima picha na sauti. Mtu niliyemkuta ni mke wake, Bi Shenaz, mwanamke kijana anayezungumza Kisukuma kunizidi.

Hujaiona runinga ya namna hiyo, nikueleze. Ni kabati kubwa kama lile la vyombo la mama, lenye kioo kipana mbele. Mawimbi yakiingia kutoka kwenye antena, au kwenye deki ya kanda, hupita kwenye bodi ya kwanza na kugawanywa. Sauti hupelekwa kwenye bodi yake, ikakuzwa mpaka iweze kusukuma spika. Picha huenda kwenye bodi nyingine, inayoichambua katika rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kila rangi ina tyubu yake chini ya kabati, na tyubu zote tatu hupiga mwanga kwenye kioo cha kujitazamia kilichoinamishwa huko nyuma, ndipo picha inatokea mbele, moja. Ili tyubu ziwake kunatakiwa umeme mkali kupita kiasi, na umeme huo una bodi yake peke yake. Bodi hiyo ikifanya kazi hulia mluzi mwembamba sana. Miaka yote nimekuwa nikiusikiliza kwanza kabla ya kutia mkono. Nisipousikia, najua pale pamekufa.

Nilifungua mgongo wa kabati. Wadudu wa ziwani walikuwa wamejaa mle, wamekauka juu ya lenzi. Nikawasha, nikasikiliza. Kimya. Nikamwambia Bi Shenaz kuwa bodi ya umeme mkali imekufa, nikapeleka mkono kwenye waya mnene wa tyubu ya kijani ili niuchomoe.

"Toa mkono, fundi," akasema. "Inalia hiyo."

Nikamwambia hailii. Akanitazama kama mtu anayetaniwa, akasema inalia tangu nilipoiwasha, na inamuumiza masikio. Nikachukua kipimo changu, nikakigusisha pale kwa uangalifu. Mshale uliruka mpaka mwisho. Baba, vidole vyangu vilikuwa vimebakiza upana wa kiberiti.

Ubovu wenyewe ulikuwa mdogo. Bodi ya kwanza, ile ya kugawanya, risasi yake ya kuunganishia ilikuwa imepasuka kwenye miguu miwili, kwa hiyo hakuna kilichofika kwenye picha wala kwenye sauti. Nikachomea upya, kioo kikawaka. Sauti nikaiona nzito, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi, nikataka kuifungua na bodi ya sauti. Bi Shenaz akasema sauti ni safi kabisa, niiache. Nikaiacha.

Niliporudi kibandani nilimwomba Masanja, fundi mwenzangu, awashe runinga moja baada ya nyingine. Kila moja nilimuuliza kama inalia. Zote zilikuwa zinalia. Nilikwenda hospitali. Daktari alinipima akasema sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka: miluzi, ndege, kisha wanawake na watoto. Zilizokwenda hazirudi, na hajui zilizobaki zitakaa muda gani.

Sasa Masanja ndiye anayesikiliza, mimi nachomea. Ameahidi hatawaambia wateja. Mteja akijua kwamba fundi wa runinga hasikii, atakwenda kibanda cha pili, nami ningekuwa mteja ningefanya hivyo hivyo. Devota nimemweleza. Alisema alikwishaona kuwa akiniita siitiki, ila alikuwa akidhani nimemchoka. Hilo liliniuma kuliko aliyoyasema daktari.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, maana kwa barua tunaelewana vizuri kuliko tulivyowahi kuelewana kwa mdomo. Mashine ya kukobolea kahawa ilipokuharibu masikio, hakuna aliyetuambia sisi watoto. Mama alikuwa akikuita uje ule, wewe hugeuki. Tukasema baba amekasirika. Tukawa tunanong'ona ukiwepo ili tusikuudhi zaidi, na kwa kunong'ona kwetu ukazidi kutokutusikia. Nadhani nawe ulituona tumekutenga. Sijui, hatujawahi kuliongea.

Mpe mama shikamoo yangu. Wasalimie shangazi wa kule mtoni, kaka mkubwa na shemeji, na yule binamu fundi cherehani, mwambie suruali inanitosha. Mama sijamwandikia habari hii. Kumwonyesha au kutomwonyesha ni hiari yako.

Jibu moja tu naliomba, uliandike kwa mkono wako. Tumaini ana sauti nyembamba, na siku hizi namtazama midomo anaponieleza mambo ya shule. Sauti yangu mimi, nilipokuwa mdogo kama yeye, uliwahi kuisikia?

Ni mimi mwanao,
Kosmas