Mizunguko Themanini ya Waya

Ngokolo, 4 Februari 2024

Mwanangu Ritha,

Hujambo? Sisi wazima, goti langu tu ndilo linalojidai. Simu ninayo, ila simu siwezi kuwasomea wanajumuiya! Jumapili niliwaambia, kama ulivyonieleza, waya ukisukwa huzuia umeme. Mama Dorah kabisha: waya ni njia ya umeme, utauzuiaje? Nikamwambia, binti yangu anasuka waya za mota za migodini Geita, mwanamke pekee kazini, ataandika. Basi andika, tumfunge mdomo. Na mdogo wako Enock, shimoni anaendeleaje?

Mama yako

Geita, 15 Februari

Shikamoo mayu,

Tu wazima, Enock anakula kama watu wawili. Mwambie Mama Dorah: waya ulionyooka haubishi. Ukiuzungusha ukawa koili, umeme ukipita unazaa sumaku. Umeme wetu huu huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde, na kila ukigeuka, sumaku ile inaupinga. Ni kama ng'ombe wa kulimia: mgeuze kila hatua mbili, hafiki mbali. Umeme wa betri haugeuki, unajipitia tu. Mizunguko ya koili ikipungua, upinzani unapungua, mota inakunywa umeme kupita kiasi, inaungua.

Hapo ndipo nimekwama. Mota ya pampu inayotoa maji shimoni kwa akina Enock inataka mizunguko themanini. Magesa, mwenye shimo, kaleta waya wa kutosha sitini tu, anasema funga hivyo hivyo. Nifanyeje?

Mwanao

Ngokolo, 21 Februari

Ritha wangu,

Habari za huko? Hapa vigelegele! Niliwasomea mpaka kwenye ng'ombe, Mama Dorah akasalimu amri. Kuhusu Magesa, mwanangu, mkubwa habishiwi. Wanaume wangapi wanaitaka nafasi yako? Na mimi nimeshakutangaza mtaa mzima. Funga sitini, waya ukija utaongeza.

Mama yako

Geita, 30 Machi

Shikamoo mayu,

Natumaini wageni wa msiba wameondoka. Mimi nakula, nalala. Mota ilizunguka siku tisa. Ya kumi ikaungua, maji yakapanda. Wachimbaji wanne walitoka. Enock alikuwa chini kabisa. Hayo unayajua.

Makaburini baba aliniambia nisikanyage kwake tena, kwa sababu mikono yangu ndiyo iliyosuka. Ni kweli, ndiyo iliyosuka. Barua yako sikuitaja.

Kama kuniandikia kutakuletea maneno, acha.

Mwanao

Ngokolo, 14 Aprili

Ritha,

Sijui nikuulize hali vipi. Sisi tupo.

Jana nilimwambia baba yako kwamba uliniuliza, na mimi ndiye niliyesema funga. Alimaliza chai, akaosha kikombe mwenyewe. Miaka thelathini sijamwona akiosha kikombe. Leo asubuhi kahamishia godoro chumba cha Enock.

Njoo. Kitandani kwangu upande mmoja uko wazi.

Mama yako