Nukta za Mama Sifa

Jumatatu, 2 Machi
Umeme umerudi saa tatu. Nimeingiza nukta kumi na moja kwenye ramani kabla ya chai. Kila nukta ni tanuru haramu la makaa msituni, pamoja na picha yake. Wanakijiji wenyewe ndio wanaotuma, kwa simu. Ramani iko wazi kwa kila mtu. Ndiyo fahari ya ofisi yetu. Anayetuma zaidi ni Mama Sifa wa kijiji cha Munigi, akienda kuokota kuni. Mama huyu hachoki.

Jumanne, 3 Machi
Mwanamume amepiga simu ofisini. Hakutaja jina. Mpole. "Papa, ile karti yenu, kila mutu anaweza kuiona?" Nimemfundisha mwenyewe kuifungua ramani na kuihifadhi kwenye simu yake. Nimejisikia mtu wa maana.

Alhamisi, 5 Machi
Amepiga tena. Mbona nukta za Munigi zote ziko mahali pamoja? Nimemjibu ni kosa dogo, nitasahihisha.
Baada ya kukata simu ndipo nikashtuka. Msituni hakuna mtandao. Mama Sifa hupiga picha huko, hutuma akifika nyumbani, na ramani huandika mahali alipo anapotuma. Nukta zote ziko juu ya paa lake. Nilijua tangu Januari. Uvivu tu. Mjinga mimi.
Nimezifuta zote. Yule mtu anayo nakala.

Ijumaa, 6 Machi
Nimepanda pikipiki hadi Munigi. Nimemweleza Mama Sifa kila kitu, nikamsihi aje kukaa kwetu mjini, Katindo, mke wangu ameshatandika kitanda. Hakuacha kupalilia. "Mutoto wangu, niende wapi? Maharagi iko karibu kuiva." Kisha akauliza kama picha zake zilikuwa nzuri. Nzuri sana, nikasema.
Ng'ambo ya barabara wanaume wawili walikuwa wamekalia pikipiki isiyo na namba. Wamenisalimia kwa jina langu. Naogopa.

Jumatatu, 9 Machi
Simu ya Mama Sifa haipatikani. Nimepiga mara sita. Dereva wa pikipiki amekataa kunipeleka.

Ijumaa, 13 Machi
Mvua asubuhi. Wiki nzima hakuna nukta hata moja kutoka Munigi. Mkuu wa ofisi amefurahi, anasema ukataji miti umekwisha huko. Ameniagiza niipake Munigi rangi ya kijani kwenye ramani. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwa nini.
Nimeipaka.