Asha Hana Upande

Jumamosi, 6 Mfungo Pili
Ulikuwa wapi, mwanamke wee? Toka Idi hujagusa kalamu. Mvivu. Skuli hukusoma, herufi zenyewe za chuo cha Kurani, zitakukimbia. Haya, nimejisuta vya kutosha. Nimemenya muhogo. Wajukuu wamekuja, Asha na kaka yake Hamad. Wiki ijayo wana mdahalo ukumbini, mjini Chake: wakubwa wa dunia wakipigana, nchi yetu ijiunge na mmoja, au ibaki haina upande? Asha atasema ibaki. Hamad atasema ichague. Tumbo moja hawa. Sipendi.

Jumanne, 9
Wanazozana toka alfajiri. Hamad: asiye na rafiki mwenye mizinga, siku akivamiwa atalia peke yake. Asha: rafiki huyo atakuletea na maadui zake. Wote wana akili. Hamad kaniuliza, "Bibi, wewe uko wapi?" Nikamwambia niko jikoni.

Alkhamisi, 11
Hamad kala yamini, kaapa kwa Mungu: Asha akimshinda mbele za watu, mguu wake haukanyagi tena kwangu. Kaondoka hapa Kengeja kwa gari ya mwanzo. Kiburi cha babu yake. Naogopa. Nimeona siasa hapa Pemba, mtu hazikwi na jirani yake. Mie nilikwenda matanga ya pande zote mbili, nikatukanwa na zote mbili. Asha kauliza kwa nini nilikwenda kote. Nimemweleza.

Jumapili, 14
Chake. Ukumbi umejaa. Hamad kasema vizuri, haki yake nampa. Kisha Asha. Mtoto yule! Kutokuwa na upande, kasema, si kujifungia ndani. Ni kwenda kuzika kwa huyu na kwa yule, na kila mmoja umwambie ubaya wake usoni. Matanga yangu hayo.
Mzee mmoja akapiga kelele, "Popo wewe! Si ndege si mnyama!"
"Ndiyo, mzee wangu. Na misitu ya Pemba nani anaipanda, kama si popo anayetema mbegu?"
Kicheko. Mzee akaongeza tusi. Hamad akainuka: "Mpinge, lakini usimtukane. Huyo dada yangu."
Mikono ikanyooshwa. Asha kashinda. Hamad katoka bila kuaga. Nimelia garini, furaha na huzuni pamoja.

Jumatatu, 15
Mvua. Hamad kaja na mchele begani, kasimama nje ya kizingiti, karowa. Kafara ya kuvunja yamini yake, alishe maskini kumi ndipo aingie. Asha kaupokea mchele, kaanza kuuchagua. Wanabishana, mmoja ndani, mmoja nje. Mie nimetoka kwenda kuwaita maskini.

Ukirudi kuandika, mwanamke, usikae mwezi. Na hawa wawili uwaandike mstari mmoja.